Twahara ya Maji na Siha ya Mto

Aghalabu mtu akitajiwa Msimbazi katika mitaa ya Kariakoo, fikira zake hukimbilia mpira kabla ya kukumbuka maji. Kwani klabu ya Simba ina makao yake katika mtaa wenye jina hilo na wapenzi wake hujiita Wekundu wa Msimbazi, ilhali mahasimu wao wa Yanga wamekaa Jangwani, hatua chache kuelekea bondeni. Na hivyo klabu mbili zilizoigawa nchi nzima kwa mapenzi zimejinasibisha na mto mmoja, ambao katika maelfu ya wanaoushangilia kwa jina ni nadra kumpata mmoja atakayekubali kutia mguu wake ndani. Mto wenyewe huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hushuka ukapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukapokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza, ukatanda katika uwanda wa Jangwani uliopo baina ya Kariakoo na Magomeni, kisha ukaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Unachokibeba kufikia hapo kila mkazi wa mji anakijua kwa pua yake.

Swali ninalokusudia kulikabili si la mhandisi wala la tabibu, ingawa wote wawili watahitajiwa watoe kauli zao. Tunasema mto huu ni mgonjwa. Magazeti husema hivyo, wakubwa wa serikali husema hivyo, na mama auzaye mchicha pembezoni mwa soko husema vivyo hivyo. Lakini maradhi ni sifa ya kiumbe chenye nafsi, chenye hali iliyo njema kwake na hali iliyo mbaya kwake. Jiwe haliugui, wala moshi hauugui. Je, maji yapitayo, ambayo ya asubuhi jioni hayapo tena, yana nafsi gani hata yakaugua? Na kama hayana, si huenda tunaposema mto unaumwa hatusemi lolote juu ya mto, bali tunasema, kwa adabu kidogo, kwamba mto umetuudhi sisi? Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua ni nani aulizwe juu ya hali ya mto, kwa mizani gani, na ni lini tuwe na haki ya kusema umepona.

Wazee wetu wa pwani, waliosomea fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafi katika vyuo vya Lamu, Unguja na Bagamoyo, hawakukosa kipimo cha maji, na mtoto aliyekaa chuoni miaka miwili mitatu alikuwa akikijua kwa moyo. Maji hutazamwa kwa sifa zake tatu: rangi, ladha na harufu. Yakiwa machache, chini ya kula mbili, yaani lita 200 hivi kwa makadirio ya leo, najisi ikiyaangukia huyanajisi mara moja hata kama hakuna kilichobadilika. Yakifikia kadiri hiyo na kuzidi, hayanajisiki ila mojawapo ya sifa zile tatu igeuke. Wafuasi wa Imamu Malik hawakuutazama wingi hata kidogo; wao walitazama kugeuka tu. Mimi sijui kipimo chenye insafu kuliko hiki, kwa sababu hakimhitaji mwenye hazina wala mwenye chombo. Kila aliyejaliwa macho, ulimi na pua ni kadhi wa maji yake mwenyewe, na masikini wa Buguruni amelingana na tajiri wa Upanga mbele ya hukumu.

Walakini kipimo hiki kimewekwa kwa ajili ya ibada, kimjulishe mja kama maji haya yanamfaa kutawadha au hayamfai, na ni dhuluma kukitwisha kazi ambayo hakikukusudiwa. Mwaka 1999 wanakemia Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mboga za majani zilizolimwa kando ya Sinza na Msimbazi, wakipima shaba, risasi, kadimiamu na zinki zilizokuwamo, na baadhi ya vipimo vyao vilikuwa vimevuka viwango vilivyopendekezwa kwa chakula cha binadamu. Risasi haina harufu ndani ya maji, haina rangi kwa kadiri hizo, na mla mchicha haionji. Hapa hisi tatu za fakihi zimenyamaza, si kwa uzembe wake, bali kwa sababu sumu hii haikuja na alama aliyofundishwa kuitafuta.

Nililisema jambo hili barazani siku moja, katika Mtaa wa Narung'ombe, baada ya swala ya alasiri, mbele ya mzee mmoja niliyekuwa nimempa shikamoo yake na kukaribishwa kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, maji yaendayo hayabebi najisi. Yaache yapite, yakifika baharini yamekwisha jisafisha."

"Na yakikawia njiani, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Hapo sasa," akajibu, akacheka, "tumwulize anayekaa humo ndani."

Kauli ya mwanzo ya mzee yule si uzushi. Mto hujisafisha kwelikweli, na wanaoufanyia kazi hiyo ni vijidudu visivyoonekana, ambavyo hula taka za uhai, kinyesi, damu ya machinjio na maganda ya soko, na katika kuzila huvuta hewa iliyoyeyuka majini. Ila hewa hiyo ni haba. Maji safi ya joto la mji wetu hayawezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, chini ya yale ya nchi za baridi. Na taka zikizidi, vijidudu huimaliza hewa yote kabla ya kuimaliza kazi, na baada ya hapo hushika nafasi yao vijidudu vya namna nyingine visivyohitaji hewa, vinavyotoa ile harufu ya yai viza inayompokea msafiri wa basi apitapo Jangwani wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kujisafisha kwa mto ni uwezo wenye mpaka, na mpaka huo Msimbazi umevushwa zamani.

Ama kauli yake ya pili, aliyoitamka kwa mzaha, ndiyo iliyonikalia moyoni, kwa kuwa ndiyo elimu yenyewe. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wataalamu wawili, Kolkwitz na Marsson, walitambua kwamba viumbe waishio katika mto hubadilika kwa mpango kadiri mtu anavyosogea mbali na mahali pamwagwapo majitaka, na mwaka 1908 na 1909 wakatoa orodha za mimea na wanyama wa kila daraja ya uchafu. Fikira hiyo ilizunguka dunia, ikafika Afrika Kusini na kufanywa kanuni ya kutoa alama kwa wadudu wa mito, na kutoka huko ikaletwa kwetu na kurekebishwa, kwa juhudi hasa za mtafiti Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa kanuni ya Tanzania ijulikanayo kwa kifupi kama TARISS.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Mtu huingia mtoni na wavu, akayasugua mawe kwa miguu pale maji yapitapo kwa kasi, akapapasa mimea ya kingoni, akavuruga mchanga na tope, akiukinga wavu upande wa chini. Kisha alichokikamata hukimwaga katika sinia jeupe penye ukingo, akatambua kila mdudu ni wa ukoo gani. Kila ukoo umepewa alama, kuanzia 1 mpaka 15, kwa kadiri unavyoshindwa kustahimili uchafu. Nyungunyungu wembamba wa topeni, wastahimilivu kuliko wote, wana alama 1. Ruba ana 3. Na wale wadudu laini wa chini ya mawe, ambao wakishaota mbawa huishi siku moja au mbili tu, wapo wenye 13. Alama hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa idadi ya koo zilizoonekana, na ule wastani ndio autegemeao mpimaji, kwa sababu jumla peke yake huweza kuinuliwa na wingi wa koo za wavumilivu.

Hii ni sheria ya ushahidi, na mwanachuo yeyote angeitambua. Chupa ya maji inayopelekwa maabara ni shahidi aliyepita njiani dakika moja akaona aliloliona. Na wapo watu, sina haja ya kuwataja, wanaojua kuwa maji machafu hufunguliwa usiku au mvua inaponyesha, ili alfajiri ikikuta chupa ya mkaguzi mto uwe umekwisha meza siri. Tunutu wa kereng'ende hana dakika moja. Ameishi chini ya jiwe lile wiki hata miezi, hana mbawa bado za kumkimbiza, na kila kilichomwagwa usiku kimepita mwilini mwake. Akiwapo, kuwapo kwake ni ushahidi kwamba katika muda wote huo halikutukia la kumwua, na akikosekana mahali alipostahili kuwapo, kukosekana kwake ni ushahidi pia. Shahidi huyu hahongeki, hana udugu na mwenye kiwanda wala chuki na diwani, na hakusimuliwa, bali alikuwapo. Mafakihi waliotaka shahidi awe mwadilifu na awe ameona kwa macho yake wangepata taabu kumkataa.

Na je, katika maji meusi ya mjini, yaliyojaa kinyesi, mpimaji hukuta mto mtupu? Hasha, na hapa ndipo dhana ya wengi inapokosea. Hukuta uhai tele. Hukuta nyungunyungu wekundu kwa maelfu wamezamisha vichwa topeni, na viluwiluwi wa visubi wasiouma, wekundu nao, kwa sababu wana damu yenye kushika hewa kidogo iliyopo namna damu yetu ifanyavyo. Hao ndio wekundu wa kweli wa mito ya namna hii, na wapenzi wa Simba wataniwia radhi. Hukuta viluwiluwi wa mbu, na funza mwenye mrija mrefu mkiani auinuao juu ya maji ili avute hewa ya nje, kwa kuwa ya ndani haipo. Ukipima wingi wa uhai kwa uzito wake, huenda mto mchafu ukaushinda mto safi. Kilichopotea ni namna namna. Kati ya wakazi wengi wa tabia mbalimbali, mlaji wa majani yaliyooza, mkwangua mawe, mchuja maji, mwindaji, wamebaki wa kazi moja tu, na kazi hiyo ni kula uchafu wetu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba siha ni uhai na maradhi ni mauti. Mto mgonjwa haukosi uhai, umekosa mizani.

Wasiwasi mwingine ni mkubwa zaidi, nao ni huu: mto ulinganishwe na nini? Mpimaji akichukua alama za kijito cha milima ya Uluguru, chenye mawe na maji baridi, akazilinganisha na Msimbazi, atakuwa amedhulumu, kwa sababu Msimbazi ni mto wa uwanda, wa mchanga na tope, wenye sehemu zinazopungua mno kiangazi, na koo nyingi zipendazo mawe na kasi hazikupata kukaa humo hata kabla hajazaliwa mtu wa kuuchafua. Upungufu wa maumbile si maradhi. Na ukishuka karibu na bahari, ambako bamvua hupandisha chumvi bondeni na mikoko ikaota, kanuni ya wadudu wa maji baridi hukoma kabisa, kwa kuwa aliyekosekana huko huenda amefukuzwa na chumvi, na chumvi ni haki ya mahali pale. Wajuzi wa TARISS wanalijua hili, ndiyo maana hutaka kila mto uhukumiwe kwa mfano wa mito ya jinsi yake ambayo haijaharibiwa. Lakini mwenye kufalsafa atauliza: na kama mito yote ya jinsi yake imeharibiwa, kipimo kitatoka wapi? Hapo tutakuwa tumebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu za wazee waliooga Jangwani utotoni huwa tamu kuliko maji yenyewe yalivyokuwa.

Nikirudi kwa mafakihi, nakuta walikuwa wamenitangulia katika jambo ambalo sikulitarajia kwao. Walisema kwamba maji yaliyogeuka kwa mwani uotao humo, au kwa udongo wa chini yake, au kwa kukaa muda mrefu, hayatoki katika utwahara wake. Na kwamba mdudu asiye na damu ya kutiririka akifia ndani, mauti yake hayayanajisi. Kwa maneno mengine, maji yana makao yake na mapito yake, na kinachotokana na makao hayo na mapito hayo hakihesabiwi kuwa uchafu, hata kikageuza rangi. Uchafu ni ule uliotoka nje ukayaingilia. Mtazamaji wa haraka ataliona hili kuwa ruhusa ya kuwaondolea watu mashaka ya udhu, na kweli ni ruhusa. Ila ndani ya ruhusa hiyo limo jibu la swali langu la mwanzo. Niliuliza maji yapitayo yana nafsi gani. Nami naona sasa kwamba niliuliza vibaya, kwa sababu mto si maji. Maji ni mgeni wa mto. Mto ni makao, mapito na wakazi, ambao hubaki maji yakienda, wakapokea mengine msimu hata msimu, masika yakaja na vuli ikaja. Na kiumbe cha namna hiyo, chenye umbo lidumulo na desturi zake, kina hali njema na hali mbaya, kwa hiyo kinaweza kuugua pasipo istiari yoyote. Siha yake ni kuweza kuwaweka wakazi wake.

Ikiwa ni hivyo, mto una wema wake ambao si wema wetu, na jambo hilo lina gharama. Sisi wa Kariakoo hatunywi Msimbazi. Maji ya mabomba yetu, na yale ya kutawadhia Msikiti wa Mtoro, hutoka Mto Ruvu kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na yakishatumika ndipo sehemu yake hupata njia ya kuteremka bondeni. Mji umejifanyia mto wa kunywa na mto wa kutupia, na mto ambao hakuna anywaye hauna mtetezi. Anayeutazama kwa haja zake tu atasema, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba kilichobaki ni kuuziba kwa zege usituletee mbu. Ukitaka kumjibu huyu, huwezi kumjibu kwa faida. Itakubidi useme kwamba wale wa chini ya jiwe wana fungu lao.

Fungu hilo limeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyafanya maji yote ya Tanzania Bara kuwa ya umma, mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi; na katika kugawa imetanguliza mahitaji ya lazima ya binadamu, ikafuatisha kiasi kinachotakiwa na viumbe wa mto na mazingira yao, kisha ndiyo mashamba, viwanda na mengineyo yote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo iliweka mita 60 za ukingo ambazo shughuli za kudumu za watu haziruhusiwi kuziingia. Huko New Zealand mwaka 2017 walikwenda mbali zaidi, wakaupa mto Whanganui nafsi ya kisheria na walezi wa kuusemea, na habari ilipofika kwetu wengi waliiona kioja. Sioni kwa nini. Pwani hii yetu, msikiti usiosema wala kuona umemiliki minazi na nyumba karne na karne kwa njia ya wakfu, na msimamizi wake akashika hesabu zake na kushtaki kwa ajili yake. Aliyekwisha kubali kwamba jengo la mawe lina mali yake hawezi kustaajabu akiambiwa mto wenye viumbe hai una maji yake.

Tofauti ni kwamba msikiti una jamaa wanaoingia mara tano kwa siku, wakaona bati lililotoboka. Mto wetu hauna. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliwapa haki wakazi wa Tabata, mtaa unaopakana na bonde hili, waliokuwa wakisumbuliwa na moshi, uvundo na nzi wa jalala la Halmashauri ya Jiji, akasema kuyahatarisha maisha ya watu namna ile kunagongana na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Hukumu ilikuwa njema, na mwenye kuisoma hadi leo huburudika. Takataka zikaondolewa Tabata, baadaye zikapelekwa Vingunguti, kando ya Msimbazi wenyewe; zikatoka Vingunguti zikaenda Mtoni, karibu na Mto Kizinga; zikatoka Mtoni zikapandishwa Pugu Kinyamwezi, katika sehemu za juu za bonde lile lile ambamo Msimbazi unaanzia. Kila mahali palipokuwa na majirani wenye sauti, jalala lilihama. Sisemi kwamba majaji walikosea. Walihukumu kesi iliyoletwa, na nyungunyungu hakufungua kesi.

Wala nisidhaniwe kuwa nawatupia lawama wale waliojenga bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadhaa wa kadhaa mjini, wengi wakiwa wa mabonde haya, na tangu hapo nyumba nyingi zimepigwa alama nyekundu na kubomolewa, kana kwamba maradhi ya mto yameanzia katika vyoo vya masikini walioishi kando yake. Vyoo hivyo vina sehemu yake, na si ndogo. Lakini mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo ambaye majitaka ya ghorofa yake huunganishwa kimyakimya na mfereji wa mvua anaishi bondeni zaidi kuliko mtu wa Kigogo. Yeye amepanga mbali tu.

Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, wenye mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022: mto uchimbwe na kupanuliwa, daraja la Jangwani liinuliwe, waliokuwa wakifurikiwa walipwe wahame, na uwanda ule ufanywe bustani ya mji. Mimi nauombea heri, maana aliyewahi kusimama Jangwani mwezi wa Aprili akitazama kituo cha mabasi ya mwendokasi kimegeuka ziwa hana ubavu wa kuukebehi. Hata hivyo lugha inayotawala katika mazungumzo ya mji juu ya mradi huu ni lugha ya mafuriko: mto ni adui wa kudhibitiwa, na ushindi ni siku maji yatakapopita bila kutugusa. Hapo nakumbuka suala jingine la vitabu vya fikihi, kwamba maji mengi yaliyonajisika kwa kugeuka harufu, mtu akiyatia miski mpaka uvundo usisikike tena, hayajatwaharika. Kwa sababu uvundo haukuondoka, umefunikwa. Bustani ina manukato yake. Taa, viti na majani yaliyokatwa vizuri vinaweza kuufunika mto uleule, na wadudu wa alama 1 wakaendelea kutawala chini ya madaraja yaliyopakwa rangi.

Mnamo mwaka 1978 baraza la wanavyuoni wakubwa wa Saudia liliamua kwamba majitaka yakisafishwa kwa mitambo hata yasibakiwe na athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanarudi kuwa twahara na yafaa kwa udhu. Naikubali fatwa hiyo. Ni uamuzi wa watu walioifuata kanuni yao mpaka mwisho wake. Kwa hukumu hiyo utwahara huweza kurudi kwa siku moja, mtambo ukiwashwa. Siha hairudi hivyo. Tukifunga leo kila bomba la majitaka kuanzia Vingunguti hata Jangwani, na maji yakapita meupe, mto utakuwa safi na mtupu, ukingojea wakazi, na wakazi hao hawanunuliki Kariakoo. Watakuja kwa kubebwa na mkondo kutoka juu, au kwa kuruka: kereng'ende na wenzake hutaga mayai majini, na wakishaota mbawa huweza kufuata bonde na kutafuta maji yanayowakubali. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kama mto wa Jangwani utapona na asianzie Jangwani. Na aende kwanza na wavu na sinia katika vijito vya msitu wa Pugu, juu ya jalala, kabla ya masika na baada yake, ahesabu ni koo ngapi zimesalia huko; maana idadi hiyo, iwe kumi au mbili, ndiyo akiba yote ambayo mto huu utaweza kuteremsha mjini.